Dakika Tatu na Shamba la Farasi

Sinema ile tuliiona mara ya kwanza chuoni, kwenye ukuta wa bwalo, shuka la kitanda likiwa ndilo pazia. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, tukikaa katika nyumba za wanafunzi wenye familia, chumba na sebule, jiko nje. Mwalimu wetu wa Maadili ya Kikristo alikuwa na desturi ya kutuonyesha sinema moja kila muhula na kutuachia swali moja bila jibu. Baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba hawakuacha familia zao na kuja chuo cha theolojia ili kuangalia wezi. Mwalimu alijibu kwamba Bwana wetu alikufa katikati ya wawili, na mchungaji asiyeweza kukaa na mwizi ukutani kwa saa mbili kasoro, atakaa naye vipi gerezani?

Jina la sinema ni The Asphalt Jungle. Ilitoka Marekani mwaka 1950, mwongozaji wake akiwa John Huston, kutokana na riwaya ya W. R. Burnett. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, na jenereta ya chuo ilizima mara mbili kabla haijaisha. Sisi tuliipa jina letu, Msitu wa Lami, na mpaka leo nyumbani kwetu tunaiita hivyo.

Kwa msomaji ambaye hajaiona tuieleze kidogo. Mwizi mzee mwenye lafudhi ya Kijerumani, Erwin Riedenschneider, ambaye wenzake humwita Doc, anatoka gerezani akiwa na mpango kichwani wa kuiba katika duka kubwa la vito. Ni mpango uliokamilika kama ratiba ya mitihani. Anahitaji fundi wa kufungua kasha la chuma, dereva, na mtu wa mabavu. Anahitaji pia tajiri wa kugharimia kazi, naye anampata wakili mmoja mashuhuri aitwaye Emmerich, mwenye mke mgonjwa kitandani na msichana mdogo nyumba nyingine (msichana huyo ni Marilyn Monroe, kabla dunia haijamjua, na jambo hilo liliwachangamsha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kupita kiasi). Asichokijua Doc ni kwamba wakili huyo amefilisika, na anapanga kuvichukua vito na kutoroka navyo.

Siku ya kazi kila kitu kinakwenda sawa mpaka mshindo wa baruti unapoamsha ving'ora vya majengo ya jirani. Mlinzi anaingia. Mtu wa mabavu, Dix Handley, anampiga ngumi, bastola ya mlinzi inaanguka chini, inajifyatua yenyewe, na risasi inampata fundi tumboni. Fundi ana mke na mtoto mchanga. Anaomba apelekwe nyumbani, si hospitali. Kuanzia hapo ni kufa na kukamatwa. Wakili anajipiga risasi akiwa amekaa kumwandikia mkewe barua. Dereva anakamatwa, yule mwenye kibiongo anayependa paka kuliko wateja wake. Wanabaki wawili, Doc na Dix, na ni hawa wawili waliotunyima usingizi.

Doc ana vito vyote, vimefichwa katika koti lake. Amepata teksi ya kumtoa mjini. Dereva wa teksi ni mtu mwema, barabara ni nyeupe, usiku ni wake. Njiani wanasimama kwenye mgahawa wa kando ya barabara wapate kitu cha kutia tumboni. Mle ndani kuna vijana watatu, wavulana wawili na msichana, na sanduku la muziki la kutia sarafu. Msichana anataka kucheza, lakini sarafu zimewaishia. Doc anampa sarafu. Dereva anamwambia ni vizuri waondoke sasa. Doc anasema muda upo. Anakaa, anawasha biri yake, anamtazama binti akicheza. Askari wanafika dirishani, wanachungulia, wanamtambua. Anapotoka nje wanamkamata, na yeye, badala ya kulia au kukimbia, anawauliza kwa utulivu walikuwa wamesimama pale kwa muda gani. Wanamjibu kwamba ni dakika mbili tatu hivi. Anapiga hesabu na kuona kwamba huo ndio urefu wa santuri moja.

Jenereta ilipozimwa, mwalimu alisimama gizani na kuuliza swali lake. Kwa nini hakuondoka?

Mmoja wetu alijibu haraka kwamba ni tamaa, na swali limekwisha. Mwingine wetu alisema hapana, kama ni tamaa ingekuwa rahisi. Mtu mwenye tamaa ya vito angekimbia na vito. Tulibishana njia nzima mpaka nyumbani, tukabishana tukiwa tumelala, na hatutasema nani alisema nini, kwa kuwa katika miaka hii tumebadilishana pande mara nyingi hata tumesahau.

Kinachosumbua ni kwamba Doc si mjinga. Mjinga akikamatwa hatuna la kujifunza. Huyu ndiye mwenye akili kuliko wote katika sinema nzima. Anapima udhaifu wa wenzake kama tabibu anavyosoma vipimo: huyu anapenda farasi wa mashindano, yule anaogopa, yule anahitaji fedha kuliko anavyosema. Na udhaifu wake mwenyewe anaujua. Mapema tunamwona akifunua kalenda yenye picha za wasichana, ukurasa kwa ukurasa, kama mzee anayesoma Zaburi. Hajifichi. Anakijua kidonda, anajua kilipo, anajua kinavyouma, na bado anakiweka mahali pa kugongwa.

Mwalimu aliposahihisha insha zetu alikuta nusu ya darasa wameandika Warumi 7, pale Mtume Paulo anapolia kwamba lile jema analolipenda halitendi, na lile baya asilolipenda ndilo analolitenda. Walikuwa sahihi, lakini mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba tusimkimbilie Paulo upesi namna hiyo, kwa sababu Paulo analia na Doc halii. Doc hachukii anachofanya. Kwa dakika tatu zile uso wake una furaha ya mtoto. Hapo ndipo tulipokwama.

Insha yetu sisi ilipita kwa Augustino. Katika kitabu cha pili cha Ungamo lake anakumbuka alipokuwa na miaka 16, akaiba mapeari na wenzake usiku katika mti wa jirani. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Augustino, askofu mtu mzima, anarudi kwenye mti ule kurasa kadhaa, anaukagua kama polisi: niliiba nini hasa, kama matunda sikuyataka? Tuliandika kwamba Doc ni Augustino aliyegeuzwa ndani nje, mtu aliyeiba kitu cha thamani kubwa na kukitupa kwa kitu cha bure. Mwalimu alitupa alama nzuri na swali jingine pembeni: bure kwa nani?

Kuna Luther pia, na sisi Walutheri hatuwezi kupita bila kumsalimu. Mwaka 1525 alimjibu Erasmus kwa kitabu chake juu ya utumwa wa nia, na humo nia ya binadamu ni kama mnyama anayepandwa. Akipandwa na Mungu anakwenda Mungu anakotaka, akipandwa na shetani anakwenda shetani anakotaka, wala hana uwezo wa kumchagua mpandaji. Mwenzetu mmoja wa bweni la wavulana alisema kumbe ndiyo sababu sinema inaishia kwa farasi. Tulicheka sana, lakini mzaha huo umekaa nasi.

Kwa maana sinema kweli inaishia kwa farasi. Dix Handley, mtu wa mabavu, alizaliwa kwenye shamba la farasi huko Kentucky. Mwaka mmoja kila kitu kiliporomoka: baba akafa, mahindi yakaharibika, mwanafarasi mweusi waliyekuwa wakimtegemea akavunjika mguu ikabidi apigwe risasi, na shamba likauzwa. Tangu hapo Dix anaiba kidogo kidogo mjini ili apate fedha za kulinunua tena, na fedha anazoiba anazipeleka kwenye kamari ya farasi, zinaliwa. Ameshikwa na kitu kilekile anachokipenda. Anasema akifika nyumbani jambo la kwanza atakalofanya ni kuoga kijitoni, autoe uchafu wa mji. Tulipolisikia hilo tulitazamana, kwa sababu wiki ileile tulikuwa tumehubiri darasani juu ya Naamani na mto Yordani.

Dix amejeruhiwa kwa risasi. Doc anataka kumpa sehemu ya vito, anakataa, hana kazi navyo. Anaingia katika gari na mwanamke anayempenda, wanaendesha usiku na mchana, naye anatoka damu. Njiani anazimia, mganga mmoja anamtibu, kisha anakwenda kupiga simu polisi, na Dix anaamka na kukimbia. Anafika. Anavuka uzio, anatembea hatua chache kwenye majani, anaanguka, na farasi wanakuja kumnusa usoni. Hapo inaisha.

Kwa nini alikwenda kule? Shamba si lake tena. Baba hayupo. Angekwenda hospitali angeishi, gerezani lakini hai. Mwalimu hakuuliza swali hili. Tulijiuliza wenyewe, na kwa miaka mingi halikutugharimu chochote.

Miaka sita iliyopita lilitugharimu.

Tulikuwa tunatumika katika usharika wa mlimani, kanisa la mawe lenye paa bovu. Sikukuu ya mavuno ndiyo ilikuwa tegemeo letu la mabati. Wanaotoka huko wanaujua mnada ule baada ya ibada: mikungu ya ndizi, maharage, mbuzi wawili, kuku wanaopiga kelele kuliko kwaya. Bibi mmoja alileta mayai manne katika kitambaa. Yalinunuliwa, yakarudishwa, yakanunuliwa tena, yakarudishwa, mpaka mayai manne yakawa 48,000. Jumla ya siku ile ilikuwa shilingi 2,315,000. Utaratibu unataka mhazina na wazee wawili wahesabu, waweke sahihi, fedha zifungiwe, kesho ziende benki. Walihesabu, wakaweka sahihi. Lakini kufuli la kabati la kanisani lilikuwa bovu tangu Pasaka, na sisi tulikuwa tunasema kila wiki tutanunua jingine. Kwa hiyo sanduku lililala chini ya kitanda chetu.

Nyumbani kwetu alikuwepo kijana. Ni mtoto wa dada yetu. Dada alifariki akatuachia huyu akiwa na miaka 11. Kipaimara alifundishwa na sisi, aliimba besi, alisoma cheti cha uhasibu, na alikuwa akimsaidia mhazina kuandika daftari kwa sababu mkono wake ni mzuri. Anatuita Baba na Mama. Miezi kadhaa kabla ya hapo tulikuwa tumeanza kukuta vikaratasi vya mikeka ya mpira katika mifuko ya suruali zake siku za kufua. Tulivikunja, tukavitupa jikoni kwenye moto. Hatukumwuliza. Tulisema ni ujana. Tulikuwa tumesoma kurasa nyingi juu ya utumwa wa nia na tukashindwa kumwuliza kijana swali moja juu ya kikaratasi.

Jumatatu tulikwenda kwenye mazishi mtaa wa juu. Tuliporudi saa kumi, sanduku lilikuwa limefunguliwa, na kijana hayupo. Kabla hatujakaa chini, mhazina akabisha hodi. Alikuja kuulizia kama kesho yake twende pamoja benki.

Tukamwambia, "Tumekwisha zipeleka."

Mmoja wetu alisema, mwingine akaitikia. Hatukuwa tumepanga. Mzee alitutazama kidogo, akasema Mungu awabariki, akaenda zake. Mambo yote yale, tangu hodi mpaka kwaheri, hayakufika dakika tatu. Baadaye tulimfikiria Doc. Sisi nasi tulikuwa na akili, tulijua Amri ya Saba na ya Nane, tulizifundisha kila Jumamosi kutoka Katekisimo Ndogo pamoja na maana yake. Mlango ulikuwa wazi, tungeweza kutoka kwa neno moja la kweli. Tukaona muda upo.

Siku mbili tulidanganya. Tulidanganya kwa kunyamaza, kwa kupokea salamu, kwa kuongoza ibada ya asubuhi. Tulijiambia tunamlinda mtoto wa marehemu. Lilikuwemo hilo. Lilikuwemo pia jina letu, na hilo hatukuliambiana.

Jumatano tulikwenda kumtafuta. Kila mtu angedhani amekwenda Dar es Salaam au amevuka mpaka. Sisi tulikwenda mahali ambapo hata mtoto wa Shule ya Jumapili angetutuma: kwao, upande wa pili wa mlima, kwenye kiwanja cha mama yake. Mabasi mawili na bodaboda. Nyumba ile haina paa siku nyingi, migomba imejiotea ovyo. Tulimkuta nyuma ya nyumba ameshika fyekeo, anafyeka majani juu ya kaburi. Alipotuona hakukimbia. Aliliweka fyekeo chini taratibu.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Mmekula?"

Tuseme ukweli, tulikuwa tumeandaa maneno mengi kwenye basi. Hayakutoka. Tulikaa kwenye msingi wa nyumba tukala ndizi zake za kuchoma.

Fedha zilikuwa ndani ya mfuko wa unga, 1,480,000. Nyingine, 835,000, zilikuwa zimelipa madeni ya mikeka siku ileile ya Jumatatu, kwa simu, kabla hajapanda basi. Tulimwuliza kwa nini alikuja huku. Alisema alikusudia Dar, hata tiketi alikata. Akiwa stendi alisikia kondakta anaita jina la kijiji cha mama yake, akajikuta amepanda. "Nilijua mtakuja huku," akasema. Tukamwuliza, kama alijua, kwa nini asiende kwingine? Akafikiri muda mrefu. Akasema majani yalikuwa yameota sana.

Kwenye basi la kurudi alilala katikati yetu kama alivyokuwa akilala utotoni. Mmoja wetu alinong'ona, "Kentucky." Mwingine aligeukia dirishani.

Alhamisi tuliita baraza la wazee. Tulisimama wote watatu. Tulipofika mahali pa kusema kwamba tulimdanganya mhazina, mhazina mwenyewe alinyanyua mkono. "Mchungaji," akasema, "Jumanne nilipita benki." Alikuwa anajua tangu Jumanne. Hakumwambia mtu. Alisema alitaka tuje wenyewe.

Hatujapata kuhubiriwa namna hiyo, na hakuwa anahubiri.

Kilichofuata hakikuwa kizuri kama kwenye hadithi. Wazee wawili walitaka polisi, na sababu zao zilikuwa nzuri: watoto wa wengine wakiiba wanapelekwa, wa mchungaji anasamehewa? Sisi tulisema tutalipa pengo kutoka mshahara wetu, yaishe. Hapo mama mmoja mzee wa kanisa alitugeukia kwa ukali. Mkilipa ninyi, akasema, yeye atakuwa ameiba nini? Iliamuliwa kijana alipe mwenyewe, kwa kazi. Alitengwa na Meza ya Bwana, akatolewa kwaya. Sisi tuliandikiwa onyo na mkuu wa jimbo, tukasimama mbele ya usharika Jumapili mbili baadaye tukasema tulichofanya. Wengine hawakutusalimia mpaka tukahamishwa. Na mabati yalichelewa, masika yakaingia, maji yakaharibu vitabu vya nyimbo kabati zima. Yule bibi wa mayai alikaa ibada nzima amejifunika kanga kichwani kwa matone. Alikuwa anakaa mahali palepale, hakuhama benchi.

Tulirudi kwenye sinema ile mwaka jana, kwenye kompyuta ndogo, kwa sababu ya mhariri wa kitabu hiki aliyetuomba insha juu ya imani na uhuru. Tulidhani tutaandika juu ya Luther na Erasmus. Tukajikuta tunasimamisha picha kila dakika na kubishana kama wanachuo. Yule mganga anayepiga simu polisi, kwa mfano: chuoni tulimchukia wote. Sasa mmoja wetu anasema mganga ndiye pekee aliyetaka Dix aishi. Mwingine anakubali, na bado anamchukia. Juu ya Doc tumepiga hatua kidogo. Zamani tulifikiri alichagua vibaya katika mgahawa ule. Siku hizi tunaona kwamba hakuona mbele yake uchaguzi wowote. Alikuwa ameyatayarisha maisha yake yote kwa dakika zile tatu, kwa kuuacha mlango mmoja bila kufuli, na kusema kila wiki atanunua jingine. Juu ya Dix hatujafika popote. Mwana mpotevu wa Luka 15 alirudi kwa baba aliyekuwa hai, akakimbiliwa njiani. Dix alirudi mahali ambapo hakuna wa kumkimbilia, wakaja farasi. Mmoja wetu huona hapo hukumu. Mwingine huona kitu kingine, lakini akiulizwa ni nini, huanza kuzungumzia majani na fyekeo.

Kijana alikuja wakati tunaangalia. Ameoa, anakaa karibu, anachoma tofali na kuandika madaftari ya watu wa saccos, ingawa fedha zenyewe hataki kushika. Meza ya Bwana alirudishiwa baada ya mwaka mmoja. Deni la usharika ule wa mlimani amebakiza 60,000, na hututaki tumsaidie. Alikaa kwenye mkeka akaangalia pamoja nasi, tukaianza upya kwa ajili yake, na tulikuwa na wasiwasi, kila mmoja akimtazama kwa pembe ya jicho. Kwenye mgahawa, Doc na sarafu zake, alinyamaza. Farasi walipokuja alitoka nje, akasema anaangalia ng'ombe. Tulidhani hatarudi.

Alirudi, akasimama mlangoni.

"Na yule mlinzi?"

Hatukumwelewa. Mlinzi yupi?

"Aliyepigwa pale dukani. Alipona?"

Tulikuwa tumeiona sinema ile mara tano au sita, tumeiandikia insha, tumeitolea mifano kwenye semina za vijana. Kwa miaka hiyo yote tuliwafikiria wezi. Tulirudisha picha nyuma, tukaangalia tena wote watatu, vichwa vimekaribiana mbele ya kioo kidogo. Mlinzi anaingia. Ngumi. Bastola inaanguka, inalia, na sote mara moja tunamtazama fundi aliyeshika tumbo.

"Atakuwa ana watoto," kijana akasema.

Kisha akatuaga, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumamosi na alikuwa na tanuru la kuwasha alfajiri.